Bekapu Haikuunganika: Nani Anampigia Nani?

Kazi ya bekapu ya usiku ikishindwa kwa maelezo kwamba klaenti haikupatikana, ofisi hugawanyika asubuhi na mapema. Msimamizi wa seva anasema upande wake uko sawa, maana ameipigia mashine ile ping na jibu limerudi. Mtu wa mtandao anasema hajagusa kitu. Mtu wa usalama anaonyesha barua pepe: poti iliyoombwa ilishafunguliwa siku nyingi. Wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli tupu, na usiku unaofuata kazi ikashindwa tena.

Ubishi huu si wa kupuuzwa. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab ilifuta kwa bahati mbaya data ya hifadhidata yake kuu, na ilipogeukia nakala rudufu ikakuta hifadhi yake ya mbali haina kitu. Programu ya kutoa nakala, pg_dump, ilikuwa ya toleo la 9.2 ilhali hifadhidata yenyewe ilikuwa ya 9.6, kwa hiyo kila ilipoendeshwa ilishindwa. Barua pepe za kuonya zilitumwa, lakini zilikataliwa njiani kwa sababu hazikutimiza masharti ya DMARC ya kuthibitisha mtumaji. Kilichookoa jahazi ni picha ya diski ambayo mhandisi mmoja aliichukua saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kasoro ya GitLab haikuwa ya muunganisho, ila inaeleza kwa nini kazi ya bekapu iliyoandikwa “imeshindwa” isizoeleke. Ofisi ikishaizoea rangi nyekundu kwenye ripoti ya kila asubuhi, haina tofauti na ofisi isiyopata ripoti yoyote.

Uchambuzi huu unatumia mfano wa Bacula, mfumo huria ambao Kern Sibbald alianza kuujenga mwaka 2000 na ukatolewa hadharani mwaka 2002, pamoja na ndugu yake Bareos, ambao ulichipuka kutoka humo mwaka 2010. Mifumo hii imechaguliwa kwa sababu sehemu zake zimetenganishwa waziwazi. Maradhi ambayo mifumo mingine huyafunika, humu yanaonekana kwa macho.

Miunganisho mitatu, si mmoja

Chanzo kikubwa cha mkanganyiko ni kudhani kwamba bekapu ya mtandao ni muunganisho mmoja kati ya “seva” na “klaenti”. Katika Bacula kuna pande tatu. Kuna Dairekta, inayopanga kazi na kutoa amri, inayosikiliza kwenye poti 9101. Kuna programu ya klaenti, bacula-fd, inayokaa kwenye mashine yenye data na kusikiliza kwenye 9102. Kuna ghala, bacula-sd, linaloandika data kwenye diski au tepu na kusikiliza kwenye 9103. Pande hizi zinaweza kuwa kwenye mashine moja, mbili au tatu, na hilo lenyewe linatosha kubadilisha kila kitu kwenye uchunguzi.

Saa ya kazi ikifika, Dairekta inaliita ghala kwenye 9103, kisha inaiita klaenti kwenye 9102. Inaipa klaenti anwani ya ghala pamoja na ufunguo wa muda wa kujitambulisha. Kuanzia hapo klaenti yenyewe ndiyo inayofungua muunganisho kwenda ghala kwenye 9103, na data inapita moja kwa moja kati ya hao wawili. Haipiti kwa Dairekta hata kidogo.

Hapa ndipo watu wanapopotea. Mtu anafungua bconsole, koni ya amri ya Bacula, na kuandika status client. Jibu linarudi vizuri. Anaandika status storage. Jibu linarudi vizuri. Anajaribu hata estimate, ambayo inaiambia klaenti ihesabu faili zake, na idadi inatoka. Anafunga faili la uchunguzi akiamini mtandao hauna neno. Lakini amri zote hizo zimejaribu njia ya Dairekta kwenda klaenti na ya Dairekta kwenda ghala basi. Njia ya tatu, ya klaenti kwenda ghala, haijaguswa na amri yoyote kati ya hizo. Itaguswa kwa mara ya kwanza usiku, kazi halisi itakapoanza, na ndipo logi itakapoandika kwamba klaenti imeshindwa kufika kwenye ghala.

Fayawoli haiulizi tu kama poti iko wazi. Inauliza nani ameanza kuita. Muunganisho ukishakubaliwa, majibu yake hupita bila kuhitaji ruhusa nyingine. Kwa hiyo ombi la “tufungulieni 9102 kwenye klaenti” ni nusu ya ombi. Nusu nyingine ni 9103 kwenye ghala, kutoka kila mtandao wenye klaenti. Nusu hii husahaulika kwa sababu ghala linafikiriwa kuwa kitu cha ndani, karibu na Dairekta, na hakuna anayekumbuka kwamba mashine ya uhasibu iliyoko jengo jingine italiita moja kwa moja.

Wanaosema “zima fayawoli”

Msimamo wa kwanza ndio wenye wafuasi wengi: zima fayawoli, jaribu, ukiona kazi imepita umeshapata mchawi. Nguvu yake ni wepesi. Kwa dakika moja unatenganisha makundi mawili makubwa ya sababu, na katika mtandao mdogo wenye swichi moja na seva mbili, jibu unalolipata ni la kutegemewa.

Udhaifu wake wa kwanza ni kwamba fayawoli haiko moja. Kuna ya klaenti, kuna ya mashine ya ghala, kuna iliyo kati ya mitandao ya ndani, na kama seva iko kwenye wingu kuna nyingine inayosimamiwa kwenye ukurasa wa mtoa huduma. Anayezima ya kwanza na kuona kazi bado inashindwa hutangaza kwamba “si fayawoli”, wakati amejaribu moja kati ya nne.

Udhaifu wa pili ni kwamba njia hii inaruka ushahidi ambao tayari upo mezani. Linux hutoa majibu tofauti muunganisho unaposhindikana, na kila jibu lina maana yake. Ukiona “Connection refused”, pakiti ilifika na ikajibiwa: kwa kawaida mashine iko hai lakini hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo katika anwani hiyo. Ukiona “Connection timed out”, hakuna aliyejibu. Kwa mpangilio wa kawaida Linux hurudia kuita mara kadhaa na hukata tamaa baada ya sekunde 127 hivi, na sababu ya mara nyingi ni fayawoli inayomeza pakiti kimya, kama ufw inavyofanya kwenye Ubuntu.

Jibu la tatu ndilo linalopotosha kuliko yote: “No route to host”. Anayelisoma huenda moja kwa moja kukagua ruta na jedwali la njia, na anaweza kukaa huko siku nzima. Kwenye mashine za familia ya Red Hat zinazotumia firewalld, jibu hili mara nyingi halihusiani na njia. firewalld haimezi pakiti. Inairudisha na ujumbe wa ICMP unaosema mawasiliano yamekatazwa, na Linux ya upande uliopiga hulionyesha katazo hilo kwa maneno hayohayo ya kukosa njia. Dalili ya kulitambua ni rahisi: ping inapita, SSH inapita, 9102 peke yake ndiyo “haina njia”. Njia ya kwenda kwenye mashine haiwezi kuwepo kwa poti 22 na kukosekana kwa poti 9102.

Udhaifu wa tatu ni hatari yenyewe. bacula-fd kwa kawaida huendeshwa na mamlaka ya root, kwa sababu lazima isome kila faili. Dairekta inaweza kuiamuru irudishe faili mahali popote, na inaweza kuiamuru iendeshe skripti kabla au baada ya kazi. Mtu aliyepata nenosiri la klaenti, na akaikuta 9102 ikiwa wazi, ana uwezo wa root kwenye mashine hiyo. Fayawoli iliyozimwa “kwa majaribio” Ijumaa jioni mara nyingi hukutwa imezimwa bado miezi kadhaa baadaye. Kwa mashine yenye taarifa za wagonjwa au za wanachama wa SACCOS, hilo halikubaliki, hata kabla ya kuuliza Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 au Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zinadai nini.

Wanaosema “tatizo ni mipangilio”

Kundi la pili linafungua faili za mipangilio kwanza. Hoja yao ina uzito, hasa kwa mfumo uliosimikwa karibuni ambao haujawahi kufanya kazi hata siku moja.

Mahali pa kwanza pa kuangalia ni anwani inayosikilizwa. Vifurushi vya Debian na Ubuntu vimezoea kuja na mipangilio inayoifungia bacula-fd kwenye 127.0.0.1, yaani mashine yenyewe tu. Huu ni uamuzi mzuri wa kiusalama, lakini humshangaza msimamizi. Akiwa amekaa kwenye klaenti anajaribu poti 9102 na inafunguka. Kutoka kwa Dairekta jibu ni “Connection refused”. Amri ss -tlnp hulimaliza suala hili kwa mstari mmoja: ikiandika 127.0.0.1:9102, hakuna mgeni atakayepokelewa, ikiandika 0.0.0.0:9102 au anwani halisi ya mashine, tafuta sababu kwingine.

Mahali pa pili ni jozi ya jina na nenosiri. Wengi hukagua nenosiri wakasahau jina. Klaenti haiijui Dairekta kwa anwani yake. Inaijua kwa jina lililoandikwa kwenye bacula-fd.conf, na jina hilo lazima lilingane herufi kwa herufi na lile ambalo Dairekta inajiita kwenye bacula-dir.conf. Aliyenakili faili kutoka seva ya zamani na kubadilisha nenosiri peke yake atapata ujumbe wa kushindwa kujitambulisha, na atabadilisha nenosiri mara nyingine na nyingine bila mafanikio. Ujumbe wenyewe wa Bacula unataja uwezekano wote, nenosiri, jina, au kazi nyingi kupita kikomo kwenye klaenti, lakini macho hukimbilia neno la nenosiri.

Kuna na hili: Dairekta hukubali amri ya reload na kusoma mipangilio upya ikiwa kazini. Klaenti husoma faili lake inapowashwa tu. Mtu anasahihisha bacula-fd.conf, hawashi huduma upya, anajaribu, inashindwa, kisha anafuta sahihisho lililokuwa sahihi na kuandika jingine.

Mahali pa tatu ndipo pabaya zaidi, kwa sababu kosa linafanyika kwenye mashine moja na kuonekana kwenye nyingine. Anwani ya ghala imeandikwa kwenye Dairekta, lakini atakayeitumia ni klaenti. Msimamizi ambaye Dairekta na ghala lake viko kwenye seva moja huandika localhost, na kwa macho ya seva hiyo ni sahihi. Ila localhost ni kama kumwambia mtu “peleka mzigo nyumbani”: kila anayeambiwa huenda kwake. Klaenti inapokea anwani hiyo, inajipigia yenyewe kwenye 9103, haikuti ghala, na logi inaandika kwamba muunganisho umekataliwa. Waandishi wa Bacula walilijua kosa hili kiasi cha kuweka maelezo ndani ya faili la mfano wakikataza localhost kwenye mstari huo, na bado linatokea.

Kuandika jina la mashine badala ya localhost ni bora, lakini nako kuna mtego. Debian na Ubuntu huweka jina la mashine kwenye /etc/hosts likielekezwa 127.0.1.1. Ghala likiambiwa lisikilize kwa jina lake, linaweza kujifungia kwenye anwani hiyo ya ndani. Kwa upande wa klaenti, jina hilohilo linaweza kutoa anwani ya zamani iliyosahaulika kwenye /etc/hosts yake. Anayechunguza kwa dig huenda asiione, maana dig huuliza seva ya majina moja kwa moja na kuruka faili hilo. getent hosts hufuata utaratibu uleule ambao programu nyingi hufuata, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kutumia, na itumiwe kwenye klaenti, si kwenye meza ya msimamizi.

Udhaifu wa kundi hili ni kupenda kubadilisha mambo matano kwa mpigo, halafu kazi ikipita hakuna ajuaye dawa ilikuwa ipi. Aidha, mipangilio haiwezi kuwa jibu la kwanza kwa kazi iliyopita mwaka mzima na kushindwa leo bila mtu kugusa faili. Kuna hali moja ya kutenga hapa: vyeti vya TLS. Cheti huisha muda bila mtu kukigusa, na mashine ambayo saa yake imerudi nyuma baada ya kukatika umeme hukataa cheti halali kwa kuamini bado hakijaanza kutumika. Bareos ilipunguza adha hii kuanzia toleo la 18.2 kwa kusimba mawasiliano kwa ufunguo unaotokana na nenosiri lililopo tayari, bila kudai vyeti.

Kazi inayoanza vizuri na kufa katikati

Kuna hitilafu ambazo makundi mawili ya kwanza hayazigusi, kwa sababu muunganisho unafunguka, kujitambulisha kunakamilika, data inaanza kwenda, kisha kazi inakufa.

Wakati klaenti inatuma data kwenye ghala kwa saa tatu, muunganisho wake na Dairekta unakaa kimya. Vifaa vya mtandao vilivyo katikati huweka orodha ya miunganisho hai, na ule usiosema kitu huondolewa. Muda wa kuvumilia hutofautiana mno. Linux yenyewe ikitumika kama fayawoli huuvumilia muunganisho kimya kwa sekunde 432,000, yaani siku tano. NAT ya wingu la AWS huvumilia sekunde 350, hata dakika sita hazitimii. Upande wa pili, Linux kwa kawaida husubiri sekunde 7,200, saa mbili nzima, kabla ya kutuma pakiti ya kwanza ya kuulizia kama mwenzake bado yupo, na hata hiyo ni pale tu programu ilipoomba huduma hiyo. Mtu akizitazama namba hizi pamoja ataona kwa nini muunganisho unaweza kufa muda mrefu kabla mwenyewe hajajua.

Dalili yake ni ya kipekee na inastahili kukaririwa. Bekapu kamili ya Jumapili inashindwa, lakini zile ndogo za katikati ya wiki, zinazobeba mabadiliko tu, zinapita. Data yote imefika kwenye ghala, lakini kazi imeandikwa imeshindwa kwa sababu klaenti ilipotaka kuiambia Dairekta “nimemaliza” ilikuta njia haipo. Dawa ni mpangilio wa Heartbeat Interval: ukiuweka sekunde 60 kwenye pande zote, muunganisho hausinzii tena. Gharama yake ni pakiti chache ndogo, na katika mitandao yenye NAT hakuna sababu ya kuuacha.

Hitilafu ya pili ya aina hii huja na VPN. Etheneti ya kawaida hubeba pakiti za baiti 1,500. WireGuard kwa kawaida hujiwekea 1,420, kwa sababu inahitaji nafasi ya bahasha yake. Pakiti kubwa kupita kiasi inapaswa kurudishwa na ujumbe wa ICMP unaomwambia mtumaji apunguze. Lakini fayawoli nyingi zimewekwa kuzuia ICMP yote kwa imani kwamba ni ya wavamizi, na ujumbe huo hauwahi kufika. Matokeo: maneno madogo ya kujitambulisha yanapita, status client inajibu, kisha data inapoanza kumiminika kila kitu kinaganda bila hitilafu kuandikwa. Kipimo ni ping yenye katazo la kukatwa vipande: ping -M do -s 1472. Hizo 1,472 ukijumlisha baiti 28 za vichwa unapata 1,500 kamili. Ikishindwa, punguza mpaka ipite, na hapo umejua upana wa njia yako. Tiba ni kushusha MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, au kuiagiza ruta ipunguze ukubwa unaokubaliwa mwanzoni mwa kila muunganisho wa TCP.

Na wakati mwingine njia yenyewe inakatika, bila mtu wa ofisini kuhusika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania, Kenya na Uganda ikazorota. Kwa aliyekuwa na ghala pekee la nakala zake Ulaya, hakukuwa na mpangilio wa kusahihisha. Hii ni hoja ya kuweka ghala la kwanza karibu na data na kupeleka nakala ya pili mbali, badala ya kuitegemea njia ndefu kwa bekapu ya kila usiku.

Wanaotaka kugeuza anayeanza

Kundi la tatu linasema mfumo wenyewe umepitwa na wakati: kwa nini seva iitafute klaenti, badala ya klaenti kuja kwenye seva? Hoja yao inapata nguvu kwenye matawi ya mikoani yanayotumia modemu ya kampuni ya simu. Modemu ya namna hiyo mara nyingi haipewi anwani yake ya umma. Hupewa anwani ya ndani ya kampuni, mathalani kutoka fungu la 100.64.0.0/10 ambalo lilitengwa mwaka 2012 kwa ajili hiyo, na wateja wengi hutoka kwa anwani moja. Dairekta iliyoko makao makuu haina namna ya kuliita tawi hilo. Hakuna fayawoli ya kufungua wala nenosiri la kusahihisha. Haipo anwani ya kupigia.

Majibu yapo ndani ya mifumo hiihii. Bareos inaruhusu klaenti ifungue muunganisho kwenda kwa Dairekta na kuuacha wazi ukisubiri kazi. Bacula nayo ina mpangilio wa Connect To Director kwa hali hiyo. Upo pia mgeuzo wa upande mwingine, ambapo ghala ndilo linaloiita klaenti, kwa mitandao ambayo mashine za ndani haziruhusiwi kutoka. Wengine wanaachana na muundo wa pande tatu na kutumia Borg au restic, ambazo klaenti inasukuma data yake kupitia SSH. Poti moja, mwelekeo mmoja, maswali machache.

Wepesi huo una bei. Klaenti inayosukuma ina ufunguo wa kuingia kwenye ghala. Programu ya kuteka data ikiivamia mashine hiyo, inaukuta ufunguo na inaweza kufuta nakala pamoja na data. Ndiyo maana Borg na seva ya REST ya restic zina hali ya kuongeza tu, inayokataza kufuta, na anayesukuma bila kuiwasha amejenga nusu ya ulinzi. Kwa upande wa pili, mfumo ambao Dairekta ndiyo inayoamuru unaziweka funguo zote mahali pamoja: ikivamiwa yenyewe, klaenti zote ziko mikononi mwa mvamizi. Hakuna muundo usio na bwana anayeaminiwa kupita kiasi. Kinachobadilika ni mashine ipi unaweza kuilinda vizuri zaidi. Kwa ofisi yenye seva ishirini kwenye chumba kimoja, ni rahisi kuilinda Dairekta moja. Kwa matawi yaliyotawanyika nyuma ya modemu, klaenti ianze.

Kasoro kubwa ya kundi hili ni haraka. Wengi huhama mfumo kwa hitilafu ambayo hawakuitambua, kisha wanaikuta ikiwasubiri kwenye mfumo mpya. Jina linalotoa anwani ya zamani litatoa anwani ya zamani kwa restic pia, na VPN iliyoganda kwa Bacula itaganda kwa SSH.

Pa kuanzia

Katika kupima hoja hizi, swali lenye faida si nani ana haki, bali hitilafu iko hatua ipi. Kimya cha sekunde 127, au “No route to host” wakati ping inapita, kinawapa haki watu wa fayawoli. “Connection refused” ya papo hapo, au kushindwa kujitambulisha, kunawapa haki watu wa mipangilio. Kufa baada ya data kuanza kwenda ni kwa mtu wa mtandao. Wanaotaka kugeuza muundo wana haki pale tu klaenti isipokuwa na anwani inayofikika.

Ili kulijua hilo, kila kipimo kifanyike kwenye mashine inayoanza kuita. Kwa 9102, kaa kwenye Dairekta uandike nc -zv pamoja na anwani ya klaenti. Kwa 9103, kaa kwenye klaenti na utumie anwani ileile iliyoandikwa kwenye Dairekta. Kosa la kupima kutoka laptopu ya msimamizi ndilo linalozaa kauli ya “kwangu inafunguka”, na kauli hiyo haisaidii mtu yeyote.

Ubishi ukibaki, tcpdump huumaliza. Iendeshe kwenye mashine inayoitwa, tcpdump -ni any port 9103, kisha jaribu kutoka klaenti. Kwenye Linux, tcpdump huiona pakiti inayoingia kabla ya fayawoli ya mashine hiyo kuichuja. Kwa hiyo, pakiti ya kwanza ikionekana bila jibu, mwenye kuulizwa ni msimamizi wa mashine hiyo. Isipoonekana kabisa, imepotelea njiani, na sasa mtu wa mtandao ana ushahidi wa kufanyia kazi badala ya lawama. Sahihisha jambo moja, endesha kazi ndogo ya folda moja, soma logi, ndipo ugeukie la pili.

Kipimo kimoja zaidi hakikwepeki, nacho ni kurejesha data. Watu hudhani kurejesha hupita njia ya kinyume, ghala likiiita klaenti. Katika mpangilio wa kawaida sivyo: hata wakati wa kurejesha, klaenti ndiyo inayoliita ghala kwenye 9103. Lakini siku ya maafa klaenti ya zamani haipo. Kuna mashine mpya, yenye jina jipya na anwani mpya, ambayo Dairekta haijawahi kuisikia na fayawoli ya ghala haijairuhusu. Kila hitilafu iliyotajwa humu inaweza kujitokeza upya siku hiyo, watu wakiwa wamesimama nyuma ya kiti cha msimamizi. Kwa hiyo jaribio la kurejesha lifanywe kwenye mashine tupu iliyosimikwa kwa ajili hiyo, na bacula-dir.conf pamoja na nakala ya hifadhidata ya katalogi, inayoonyesha faili gani liko wapi kwenye ghala, zihifadhiwe nje ya seva ya Dairekta, mahali ambapo mtu wa pili ofisini anapajua na ana ruhusa ya kupafungua.